Matatizo ya Kuhariri Picha za Mandhari ya Nyanda za Juu Kusini: Dalili, Sababu na Marekebisho

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, yaani kile ambacho jicho linakiona kwenye skrini, kwa sababu ndivyo malalamiko yanavyokuja: mlima umezungukwa na mng'ao, ukungu umekuwa kama masizi, picha imetoka studio ikiwa nyeusi. Wanaolalamika ni wapiga picha wa Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe, wengine wakiwa na kamera na kompyuta, wengi wakiwa na simu tu, na wote wanataka picha ya mandhari iwe na mwanga mzito unaomshika mtazamaji. Chini ya kila dalili, sababu zimeanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi rahisi umetangulia marekebisho magumu. Majina ya vitelezi, yaani vile vidhibiti unavyovisogeza kuongeza au kupunguza kitu, hutofautiana kidogo kati ya programu za kuhariri za Lightroom, Snapseed na darktable, lakini kazi zake zinalingana.

Sehemu kubwa ya kasoro zilizoelezwa hapa hutokana na kuidai picha mwanga ambao haukuwepo, au kuuleta mwanga huo kutoka upande ambao jua halikuwa. Anayehariri akishajua mwanga wa siku ile ulitoka wapi na uligusa nini, nusu ya matatizo haya hayamfikii.

Kabla ya kurekebisha chochote

Hakikisha kwanza kwamba faili la asili lipo na halijaguswa, kisha fanya kazi kwenye nakala. Zima kwenye simu au kompyuta ile hali ya usiku inayoipa skrini rangi ya njano, na uzime pia mwangaza unaojibadilisha wenyewe, kwa kuwa vyote viwili hudanganya jicho. Baada ya hapo kuza picha hadi asilimia 100 na uzungushe macho kwenye kingo za milima, matawi na mawingu, halafu ipunguze iwe ndogo kama stempu uone kama umbo lake bado linasomeka.

Ukishaiona kasoro, zima marekebisho moja baada ya jingine ukianzia la mwisho kurudi la kwanza. Rekebisho ambalo likizimwa kasoro hutoweka ndilo lenye kosa, nawe huna haja ya kuanza upya. Kama kasoro ipo hata kwenye faili ambalo halijahaririwa, tatizo liko kwenye kamera, lenzi au hali ya hewa, na hakuna kitelezi kitakachoitibu sawasawa.

Mlima umezungukwa na mng'ao mweupe

Lalamiko hili ndilo linaloongoza, na Mlima Rungwe ndio unaoonekana ndani yake mara kwa mara, kwa kuwa umbo lake lenye giza, lenye urefu wa karibu mita 2,960, husimama peke yake mbele ya anga la jioni. Ukikuza picha yenye kasoro hii utaona utepe mwembamba, wenye upana wa pikseli kumi au ishirini, ulio mweupe kuliko anga lililo juu yake, ukiufuata mgongo wa mlima kila unapopinda. Ndani kidogo ya mlima, sambamba na utepe huo, kuna utepe mwingine uliokoza giza. Ndizo alama mbili za kosa moja.

Sababu ya kwanza ni kuzidisha kitelezi cha Clarity, kile kinachokoleza tofauti ya giza na mwanga kwenye kingo, au kuinua vivuli hadi mwisho huku maeneo angavu yakishushwa hadi mwisho. Zana hizi hulinganisha kila pikseli na majirani zake, hivyo zikifika mahali ambapo giza linapakana na mwanga, huongeza mwanga upande mmoja na giza upande wa pili. Rudisha Clarity kwenye sifuri. Utepe ukitoweka, irudishe polepole, isizidi theluthi ya ulipokuwa umeifikisha, na uiweke kwenye ardhi peke yake kwa kutumia maski, yaani lile eneo unalolichagua ili rekebisho lisiguse sehemu nyingine. Anga halihitaji Clarity karibu kamwe, isipokuwa mawingu mazito ya masika, na hata hayo huridhika na kiasi kidogo.

Sababu ya pili ni maski ya anga isiyofika ukingoni. Anga limetiwa giza, lakini maski imeishia kabla ya kugusa mlima, ikaacha kipande cha anga la zamani. Namna ya kuitofautisha na sababu ya kwanza ni kwamba hapa utepe una rangi ileile ya anga la awali, na huwa mnene penye miti na mwembamba penye mwamba mtupu. Washa kionyeshi cha maski, ambacho programu nyingi hukipaka rangi nyekundu, uone inaishia wapi. Tiba rahisi ni kuiacha iingie kidogo ndani ya mlima, kwa sababu mlima tayari ni wa giza na giza la ziada halionekani. Tiba bora zaidi ni kutumia maski ya mteremko, ile inayofifia taratibu kutoka juu kwenda chini, kisha kuiamuru iguse maeneo angavu tu.

Mng'ao ukiwa mwembamba sana, wa pikseli moja hadi tatu, na ukajitokeza kwenye kila ukingo hadi nyaya za umeme, basi umezidisha kunoa picha. Punguza upana wa kunoa ufike pikseli moja au chini yake. Ukingo ukiwa na rangi ya zambarau au kijani badala ya weupe, hiyo ni kasoro ya lenzi, na huondoka kwa kuwasha marekebisho ya lenzi. Kwa wanaotumia simu kuna sababu nyingine isiyotajwa sana: simu yenyewe huunganisha picha kadhaa kila unapobonyeza, na mng'ao hutengenezwa kabla hujafungua programu yoyote. Picha ya namna hiyo haisafishiki vizuri. Safari ijayo tumia hali ya kitaalamu ya kamera ya simu, kama ipo, na uhifadhi faili la RAW, yaani data ya kamera kabla haijachakatwa.

Ukungu umegeuka kuwa masizi

Hapa panahitaji subira, kwa sababu kinachoitwa ukungu katika nyanda hizi ni vitu vitatu. Kuna ukungu wa maji unaolala asubuhi kwenye mabonde ya Tukuyu na kwenye misitu ya Uporoto. Kuna moshi wa mioto ya kiangazi, ambao kati ya Agosti na Oktoba huweza kuifuta milima yote. Kuna vumbi linalopanda kutoka bonde la Usangu. Cha kwanza ni cheupe na hukaa vipande vipande, na viwili vya mwisho huelekea rangi ya kahawia na hutanda sawasawa hadi upeo wa macho. Anayevihariri vyote kwa njia moja lazima akosee angalau kimoja.

Sababu kuu ya masizi ni kitelezi cha Dehaze kuwekwa kwenye picha nzima. Zana hii huona weupe wa mbali kama uchafu unaopaswa kuondolewa, hivyo huongeza kontrasti, yaani tofauti kati ya giza na mwanga, huipunguzia picha mwanga na kukoleza rangi kwa wakati mmoja. Katika picha ya ukungu wa maji, kinachoondolewa ndicho kilichomfanya mpiga picha asimame. Irudishe Dehaze kwenye sifuri, au hata chini ya sifuri kwa sehemu za mbali, kisha tafuta uzito wa picha mahali pengine: mti au mgomba ulio karibu na kamera. Ukipe kitu hicho cha karibu weusi wa kweli na kuyaacha matuta ya nyuma yazidi kupauka kadiri yanavyokwenda mbali, ukungu wenyewe utaonekana mzito bila kuguswa. Kanuni ya kukagua ni nyepesi: kila tuta liwe na mwanga zaidi kidogo kuliko tuta lililo mbele yake. Tuta la nyuma likiwa jeusi sawa na la mbele, umbali umekufa.

Sababu inayofuata ni kamera kuipunguzia picha mwanga. Kipima mwanga hudhani kwamba eneo kubwa la weupe ni kosa, kikalishusha hadi kijivu. Fungua histogramu, yaani ule mchoro wa mlima unaoonyesha pikseli za giza upande wa kushoto na za mwanga upande wa kulia. Kama mlima wote umekaa katikati na kulia hakuna kitu, ongeza mwangaza hadi mlima uingie robo ya mwisho ya kulia bila kugonga ukuta. Mara nyingi rekebisho hilo peke yake hutosha, na linafaa kufanywa kabla ya jingine lolote.

Rangi nayo huchangia. Ukungu ulio kivulini huwa na ubuluu kwa sababu unaangazwa na anga, na ukungu unaoguswa na jua linalochomoza huwa na dhahabu. Joto mbili za rangi ndani ya picha moja si kosa, na anayezilazimisha ziwe moja hupata kijivu kisicho na upande. Weka joto la rangi linalofaa sehemu ya kivuli, kisha ongeza joto kwa maski upande wa jua tu.

Kwa moshi na vumbi mambo ni tofauti, na hapo Dehaze ina haki yake. Itumie kwenye sehemu ya mbali peke yake, tuseme kati ya 10 na 20 kwenye kipimo cha 100, kisha punguza ukolezi wa rangi ya njano na ya chungwa ili ukahawia usikithiri. Mlima uliopotea kabisa ndani ya moshi wa Septemba hauwezi kurudishwa, na kuulazimisha huleta chembechembe na madoa ya rangi badala ya mwamba. Aina hii ya picha inafaa kugeuzwa kuwa ya vivuli vitupu, jua jekundu likiwa nyuma, au kuahirishwa hadi mvua za Novemba zisafishe hewa. Uwanda wa Kitulo, ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, huchanua maua msimu huohuo wa mvua, hivyo anayeahirisha hapotezi kitu.

Onyo: kama picha zote, za kiangazi na za masika, zina utusitusi uleule na taa za usiku zimezungukwa na mng'ao, imulike lenzi kwa tochi na uitazame kutoka upande wa pili. Nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya kioo ni kuvu. Katika maeneo kama Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, lenzi inayolala kwenye begi lenye unyevu huipata kwa urahisi. Usiifungue lenzi mwenyewe. Itenge na lenzi nyingine na umpelekee fundi wa kamera.

Anga limekuwa jeupe tupu

Shusha kitelezi cha maeneo angavu hadi mwisho na utazame. Mawingu yakijitokeza, data ilikuwepo na kazi inaendelea. Anga likigeuka kijivu laini kama karatasi, data haipo, na kuendelea kushusha ni kupaka kijivu juu ya kijivu.

Mara nyingi sababu ni kupima mwanga kwenye ardhi. Ziwa Ngozi ni mfano wa wazi: unasimama ukingoni chini ya miti, kuta za kreta zina msitu mzito, maji yako chini kivulini, na juu kuna anga lenye mwanga mara nyingi zaidi ya vyote hivyo. Kamera ikifuata msitu, anga linaungua. Faili la RAW la biti 14 hubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, na JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, hubeba 256, hivyo la kwanza laweza kurudisha anga lililoungua kwa sehemu na la pili haliwezi. Njia ya kudumu ni kupiga picha kwa kufuata anga, ukaacha ardhi iwe ya giza kidogo, na kuiinua baadaye.

Sababu ya pili, ambayo huchekesha hadi ikupate, ni kuhariri nakala iliyopitia WhatsApp huku faili la asili likiwa bado kwenye kamera. Angalia ukubwa wa faili. Ya tatu ni kwamba anga lilikuwa jeupe kweli, jambo la kawaida wakati wa kipupwe, na hapo hakuna kosa la kutibu. Kata sehemu kubwa ya anga, au igeuze picha iwe ya rangi nyeusi na nyeupe, ambako anga tupu hukubalika.

Kubadilisha anga na kuweka jingine ni uamuzi wa mwenye picha, lakini picha ya habari au ya mashindano mengi ya upigaji picha hairuhusu, na anayeuza picha ya mahali halisi anapaswa kumwambia mnunuzi. Ukiamua kufanya hivyo, kagua mambo mawili: jua la anga jipya likubaliane na vivuli vya ardhini, na maji yaliyopo kwenye picha yaakisi anga hilo jipya badala ya lile la zamani.

Picha ni nzito, lakini mwanga wake hauaminiki

Mtu amefuata kila hatua, pembe zina giza, jua lina dhahabu, na bado mtazamaji anahisi kuna uongo bila kuweza kuutaja. Karibu kila mara sababu ni mwanga kutoka pande mbili.

Ukaguzi unaanzia kwenye kivuli. Tafuta kivuli kimoja kilicho wazi, cha mti, cha nguzo au cha mtu, na uone kinaelekea wapi, kwa kuwa mwanga umetoka upande wa pili. Kila sehemu uliyoiangaza huku imegeukia upande wa kivuli ni mtuhumiwa. Hapa jiografia husaidia. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, hivyo tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini mwa utosi, na mwezi Juni saa sita mchana husimama kiasi cha nyuzi 58 juu ya upeo wa kaskazini. Mlima Loleza uko kaskazini mwa jiji. Kwa hiyo katika kipupwe uso wake unaotazama mjini hupata mwanga wa kuparaza tu, na mapema asubuhi huwa kivulini, ilhali mwezi Desemba jua hutokea upande wa kusini na uso huohuo huangazwa tangu asubuhi. Picha ya Juni iliyopakwa dhahabu kwenye mteremko mzima wa Loleza unaotazama mji haiwezi kumdanganya mkazi wa Mbeya, hata kama hajui kueleza kwa nini. Matema nako ni hivyohivyo: milima ya Livingstone imesimama mashariki mwa Ziwa Nyasa, kwa hiyo jua la asubuhi huchelewa kufika ufukweni, na dhahabu kwenye miamba hiyo ni mali ya jioni.

Tiba ni kuangaza kile ambacho tayari kimeangazwa. Chukua brashi laini, iweke nguvu ya asilimia 10 hadi 15, na pita mara kadhaa juu ya kingo zilizoguswa na jua, kisha tia giza kidogo pande zilizogeuka. Pita moja yenye nguvu nyingi huacha alama ya brashi, na pita nyingi dhaifu hazionekani. Kumbuka pia kwamba katika latitudo zetu jua hushuka wima: kutoka nyuzi sita juu ya upeo hadi kuzama huchukua dakika 25 hivi. Mwanga wa dhahabu unaogusa vilele na mabonde yote kwa pamoja ni nadra, kwa sababu mabonde huzama kivulini mapema, na uhariri unapaswa kuyaacha humo.

Sababu nyingine ni ndogo lakini huambatana na hiyo. Giza la pembeni likizidi, picha huonekana kama imetazamwa kupitia bomba. Kila kitu kikitiwa giza kwa kiwango kimoja, picha huwa nyeusi tu bila kuwa na uzito, kwa hiyo chagua mahali pamoja pa kubaki angavu, bati la nyumba, ukingo wa wingu au kipande cha maji, na pengine pote patii. Vivuli vikipashwa joto pamoja na mwanga, jioni hugeuka kuwa picha iliyofifia kwa uzee. Viache na ubuluu wao.

Kijani cha chai kinang'aa kupita kiasi

Simama kwenye ukingo wa shamba la chai la Mufindi na utazame kichaka kimoja kwa karibu. Chipukizi la juu, majani mawili na ncha, lina unjano mwingi na karibu linapitisha mwanga. Majani mazee yaliyo chini yake ni ya kijani kilichokoza, yana ngozi ngumu na huakisi anga hadi yanaonekana kuwa na ubuluu. Uzuri wa shamba zima katika mwanga wa asubuhi umejengwa na tofauti ya rangi hizi mbili. Kitelezi cha Saturation kikisogezwa mbele huzifikisha zote mwisho, zikawa kijani kimoja.

Kirudishe kwenye sifuri. Kama rangi bado ni hafifu, tumia Vibrance, ambayo hukoleza zaidi rangi zilizo dhaifu na kuziacha zilizokwisha kukolea. Kisha nenda kwenye rangi mojamoja: punguza ukolezi wa kijani kwa 10 au 20 na uongeze mwanga wa njano, kwa kuwa majani kwenye picha huundwa na njano zaidi kuliko watu wanavyodhani. Angalizo moja ni kwamba ukigusa rangi ya chungwa ili kupendezesha njia ya udongo mwekundu au nguzo za Isimila, unagusa pia ngozi ya kila mtu aliyemo ndani ya picha. Wachumaji wa chai wasigeuke kuwa na rangi ya matofali kwa sababu ya barabara.

Chembechembe kwenye vivuli, na ngazi za rangi angani

Chembechembe hutokana kwanza na kuinua vivuli vilivyopigwa kwa mwanga mdogo, na pili na ISO kubwa, yaani kiwango cha kamera kukuza mwanga. Shusha vivuli hadi zipungue, kubali baadhi ya sehemu ziwe nyeusi kabisa, na ndipo utumie zana ya kupunguza chembechembe, ukianzia zile za rangi kabla ya zile za mwanga. Picha nzito haihitaji kila jiwe lionekane.

Ngazi za rangi, yaani anga la jioni kukatika matabaka badala ya kufifia taratibu, hutokana na kuhariri JPEG kwa nguvu. Rudi kwenye RAW, fanya kazi katika biti 16 na ubadilishe kuwa JPEG mwishoni tu. Kama RAW haipo, ongeza chembechembe kidogo sana angani ili kuyavunja matabaka. Ila kabla ya yote, fungua picha hiyo kwenye skrini nyingine, maana skrini za bei nafuu huonyesha ngazi ambazo hazimo kwenye faili.

Madoa ya mviringo angani

Doa lililo mahali palepale kwenye picha tofauti, hata ukibadilisha lenzi, ni vumbi juu ya sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Hujitokeza zaidi tundu la lenzi likiwa dogo, tuseme f/16, na huonekana vibaya zaidi baada ya kuongeza kontrasti ya anga. Doa linalotoweka ukibadilisha lenzi ni tone au vumbi juu ya lenzi, na hufutwa kwa kitambaa safi.

Yaliyomo kwenye picha yaondoe kwa zana ya kuponya madoa. Kwa kamera, jaribu kipulizio cha mpira cha mkono, betri ikiwa imejaa na kamera ikiwa katika hali ya kusafishwa. Simama hapo. Usipulize kwa mdomo, usitumie kompresa ya gereji, wala usiguse sensa kwa pamba au shati. Madoa yakibaki, au ukiona mkwaruzo, kazi hiyo ni ya fundi.

Kwenye skrini ni nzuri, ikichapishwa ni nyeusi

Sababu iliyo mbele ya zote ni skrini iliyowekwa mwangaza wa juu mno. Karatasi haitoi mwanga, na picha nzito yenye giza ndiyo inayoumia kuliko nyingine. Kwa kazi ya kuchapisha, skrini huwekwa kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, kiwango kilicho chini sana ya simu iliyofunguliwa hadi mwisho. Bila kipimo, weka karatasi nyeupe kando ya skrini katika chumba chenye mwanga wa kawaida, ushushe mwangaza hadi weupe wa viwili hivyo ukaribiane, ndipo uhariri. Kisha omba chapisho dogo la majaribio kabla ya kulipia kubwa.

Rangi zikiwa zimepooza au zimehama, hakikisha faili limehifadhiwa katika mfumo wa rangi wa sRGB, isipokuwa kama studio imekuomba mwingine. Picha ikiwa na ukungu wa pikseli, hesabu: karatasi ya A4 kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha, ili isibanwe. Kama machapisho ya majaribio kutoka studio mbili yana kosa la rangi la namna moja, skrini yako ndiyo yenye shida na inahitaji kupimwa kwa kifaa na mtu anayekijua.

Faili halifunguki au nusu ya picha ni ya kijivu

Jaribu kwanza kisoma kadi kingine na mlango mwingine wa kompyuta, kwa kuwa kebo mbovu hufanana kabisa na kadi mbovu. Pili, lifungue faili kwa programu nyingine: kamera mpya hutoa RAW ambayo toleo la zamani la programu halilitambui, na faili huwa halina kasoro yoyote.

Kama tatizo limebaki, toa kadi kwenye kamera na usipige picha nyingine juu yake. Usikubali kuifomati hata kamera ikikuomba. Programu ya kuokoa data itumike kwenye kompyuta, na picha zinazookolewa zihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Kadi isiyotambulika popote, iliyopata moto au kupinda, na diski ya nje inayotoa mlio wa kugonga, havipaswi kujaribiwa tena hata mara moja. Chomoa, andika lini na namna gani tatizo lilianza, na umpelekee mtaalamu wa kuokoa data pamoja na maelezo hayo.